Wajina wa Beki

Katika tawi la Texas la mashabiki wa Lizombe, klabu ya Songea, hakuna aliyemwita Gaudence Ndunguru kwa jina lake. Walimwita Wajina. Ilikuwa kwa sababu ya yule beki wa kati aliyelelewa na timu ya vijana ya Lizombe kisha akahamia Mbeya, ambaye naye aliitwa Gaudence Ndunguru. Akina Ndunguru wamejaa Mbinga, na Gaudence ni jina ambalo mapadri wa kule wamewabatizia watoto mpaka basi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walicheka tu. Beki akifunga kwa kichwa, Wajina alipewa hongera. Beki akijifunga, simu ya Wajina ilijaa utani wa kila aina, mwingine hata haufai kusemwa mbele ya watu. Naye alicheka kuwazidi wote, kisha akaenda bafuni kunawa uso.

Alikuwa kijana mpole, mrefu, wa kuongea taratibu. Kazi yake ilikuwa kulea wazee katika nyumba moja ya wazee, mji wa Mansfield: kuwageuza, kuwaogesha, kuwakatia nyama vipande vidogo. Aliingia Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza, akasoma kozi fupi, akapata kazi, na mwezi uliokuwa unakuja alikuwa na miadi ya mahojiano ya uraia. Watu wa tawi walijua kuwa ana miaka thelathini na mitano. Aliwaambia mwenyewe, na kwa kuwa aliongea kizee, walimwamini. Yasinta, katibu wa tawi, muuguzi wa Houston, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kila wakikutana alimwamkia shikamoo. Wajina aliitikia marahaba huku akitazama viatu vyake.

Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Na yule beki hakuwa wajina wake. Alikuwa kaka yake, tumbo moja, aitwaye Patroba. Hiyo ndiyo siri aliyosafiri nayo kutoka Mbinga hadi Texas, na wala haikuwa siri ya ajabu kwa watu wa kwao. Nani hajui mtoto aliyerudia darasa la saba kwa jina la binamu yake? Kule kwetu jina huazimwa kama jembe. Timu ya vijana ya Lizombe ilipopita Mbinga kusaka vipaji, ilitaka watoto wa miaka kumi na sita, na Patroba alikuwa amekwisha kuwa na miaka ishirini na mbili, ananyoa ndevu alfajiri kabla majirani hawajaamka. Baba yao aliwaita wote wawili wakati wa chakula cha jioni. Alimwambia Gaudence, aliyekuwa kidato cha pili, kwamba yeye amepewa kichwa na mwenzake amepewa miguu, kwa hiyo jina lake litakwenda uwanjani na yeye mwenyewe atabaki shuleni. Gaudence akaitikia ndiyo baba. Kwa mzee yule hapakuwa na jibu lingine. Ndiye aliyewalea kwa shikamoo: mdogo amwamkie mkubwa hata kama wamepishana mwaka mmoja, ainamishe kichwa, asubuhi na jioni, na asiyeamkia hali chakula.

Mambo yakaenda. Patroba akawa Gaudence wa magazetini, akahamia Mbeya, akacheza ligi ya nyumbani miaka yote bila kuvuka mpaka. Gaudence halisi akapata pasi yake, akapata viza yake, akapanda ndege. Baba alifariki. Mama akabaki Mbinga na picha mbili ukutani. Huku Texas, Gaudence alijiunga na tawi kwa sababu moja tu: ilikuwa njia ya kumtazama kaka yake akicheza na kumshangilia katikati ya watu bila mtu kumuuliza kwa nini macho yamelowa. Umri wake aliuongeza ili pasije kutokea mwenye akili akagundua kwamba wajina hawa wawili walizaliwa siku moja. Kila mwaka siku hiyo ilipofika, grupu la tawi lilimtakia beki heri ya kuzaliwa, naye alizisoma zile salamu peke yake, kwenye kitanda chake, siku yake mwenyewe.

Sasa Lizombe wakachukua kombe la nyumbani na kupata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Ndipo uongozi ulipotangaza kwamba unafikiria kumrudisha mtoto wa nyumbani.

Gaudence aliipata habari hiyo kazini, akimlisha mzee mmoja uji. Kijiko kilisimama hewani mpaka mzee akafumba mdomo. Mashindano ya Afrika maana yake ni kusafiri. Kusafiri maana yake ni pasi. Klabu itampeleka beki wake uhamiaji, vidole vitawekwa kwenye mashine, na mashine itasema kwamba Gaudence Ndunguru, mwana wa fulani na fulani, mzaliwa wa Mbinga, tayari ana pasi na yuko Marekani. Hapo watu wataulizwa: nani mwenye jina? Naye Gaudence alijua watu watajibu nini. Mmoja anajulikana nchi nzima, ameonekana kwenye televisheni tangu utotoni akiitwa jina hilo. Mwingine ni mlea wazee asiyejulikana, aliyejificha Texas na kudanganya umri. Yeyote mwenye macho angesema mwizi ni yule wa Texas.

Alianza kusikia miguu mlangoni. Gari jeupe likiegeshwa mbele ya nyumba alikaa mbali na dirisha hadi liondoke. Alijiona kwenye mahojiano yake ya uraia, ofisa akigeuza kompyuta na kumwonyesha picha ya kaka yake, akimuuliza kwa upole, na wewe sasa ni nani? Hakuweza kumweleza mtu. Angemwambia nani, kwamba anaogopa kukamatwa kwa kuiba jina lake mwenyewe?

Kwenye grupu, moto ulikuwa umewaka. Mashabiki wa mpira ukiwapa mtu mmoja wa kumjadili hawali wala hawalali. Wanachama wa Richardson walisema beki arudi, damu ni damu, huyu alikunywa maji ya Songea. Wa Houston wakasema aende zake, alipofunga bao dhidi yetu mbona aliibusu nembo ya Mbeya? Mwingine akaleta video ya goti lake. Mwingine akaleta video ya kichwa chake. Yasinta, ingawa ni wa Houston, alikuwa upande wa kumrudisha, na alijenga hoja kama mwanasheria: beki anayeijua falsafa ya timu, anayeongea na makipa, na bado kijana wa miaka ishirini na saba. Mtu akacheka hapo, akauliza ishirini na saba ya nini, ya mpira au ya mama yake? Kicheko kikaenea. Yasinta akaandika, "Wajina, si mnatoka wote Mbinga? Ulizia huko, utuambie ukweli wake."

Gaudence aliandika kwamba Mbinga ni kubwa. Kisha akafanya jambo lililomwuma kuliko yote. Akashika upande wa wapingaji. Akatuma ujumbe wa sauti, akasema beki yule ni mzito kugeuka, ni msaliti, amekwisha, na kwamba anayemtaka arudi haipendi Lizombe. Alisema kwa ukali ambao tawi halijawahi kuusikia kwake. Watu walifurahi kweli. Wajina kamgeuka wajina! Elia, mwenyekiti wa tawi, mtu wa makamo mwenye kitambi na moyo mzuri, alisambaza sauti ile mpaka Songea, maana klabu ilikuwa imeomba kila tawi litoe maoni yake.

Patroba aliisikia. Alipiga simu Alhamisi, kwa sauti tu, kama walivyozoea, maana walikubaliana tangu zamani wasionekane pamoja popote, hata kwenye kioo cha simu. Gaudence alipopokea alitegemea kugombezwa. Kaka yake alicheka kidogo tu.

"Mdogo wangu, umenichana vibaya sana," alisema. "Hata baba hakuwahi kunisema hivyo."

Gaudence alimweleza habari ya pasi. Alieleza mara mbili. Patroba akasema viongozi watashughulikia, wana watu wao, na kwamba yeye hii ndiyo nafasi ya mwisho, nyumbani wanamtaka, na mama angemwona akicheza Songea kabla macho yake hayajaisha. Akaongeza kuwa anakwenda Songea kuzungumza nao, na kwamba Jumamosi tawi la Texas litamwita huko kwenye video ajieleze.

"Utakuwepo?"

"Nisipokuwepo watashangaa. Mwenyekiti kanipanga kusemea wapingaji."

"Basi hatujuani. Niite wajina, nami nikuite wajina. Yaishe."

Jumamosi Gaudence aliamka akiwa hajalala. Alishika barabara ya 287 hadi Ennis, akaingia 45, akashuka nayo kuelekea Houston akiwa amezima redio. Njia nzima alijifunza maneno yake kwa sauti, kama mtoto wa kipaimara. Mambo vipi, wajina? Habari za Songea? Magoti yanasemaje? Alipoyasema mara ya kwanza yalitoka kinyonge. Kufikia Corsicana yalikuwa yamezoeleka, na alipofika Sharpstown, mtaa wa Houston, kwenye ukumbi wa wapangaji wa majengo anayokaa Elia, aliyasema bila hata kuyafikiria. Lakini shati lilikuwa limemganda mgongoni, na hakukuwa na joto kiasi hicho.

Watu kama ishirini walikuwa wamekaa, jezi zimevaliwa, pilau ya Yasinta inanukia kwenye sufuria kubwa kando. Yasinta alimwamkia, akaitikia. Elia aliunganisha simu na televisheni kubwa ya ukutani, akahangaika na waya, akasaidiwa, akasema hakusaidiwa. Saa tano ya asubuhi Houston ni saa moja ya jioni Songea. Simu ikaita.

Patroba akatokea, mkubwa kama ukuta. Alikuwa ameketi kwenye kitanda, ukuta wa buluu nyuma yake, amenyoa ndevu na nywele hadi anang'aa ili aonekane mtoto. Aliwaamkia wote kwa pamoja, shikamooni wazee wangu, na alipoelezwa kuwa yule pale mbele ni katibu, dada Yasinta, akamwamkia peke yake, kwa heshima zote. Watu walipenda adabu yake. Waliuliza maswali yao, naye aliyajibu vizuri. Kuhusu nembo ya Mbeya, alisema alikuwa na miezi mitatu hajafunga, angebusu hata mlingoti. Ukumbi ukacheka. Hata wapingaji wakacheka. Gaudence, aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma, aliona jinsi upepo unavyogeuka. Tawi lilikuwa linaelekea kusema arudi.

Elia alimtafuta kwa macho. "Wajina, njoo mbele hapa. Wewe ndiye uliyempinga kuliko wote, mwambie mwenyewe usoni, tusije tukaitwa wambea."

Akasukumwa kwa utani hadi mbele. Mtu aliigeuza simu ili beki amwone. Gaudence akainua macho.

Miaka minane hakuwa ameuona uso wa kaka yake akiwa anamtazama yeye. Kwenye mechi alimwona kwa mbali, jezi na jasho na namba ya mgongoni. Sasa uso ulikuwa pale, na ulikuwa umezeeka. Kulikuwa na mistari miwili juu ya pua, mistari ya baba yao, na jicho la kushoto lililofumba kidogo kama la baba yao alipokuwa akingoja mtoto aseme analotakiwa kusema. Maneno yote ya barabara ya 45 yakafutika. Mwili ulikumbuka peke yake. Kichwa kikainama, mikono ikashikana mbele.

"Shikamoo," akasema Gaudence.

Na kule Songea, Patroba naye hakuwa na muda wa kufikiri.

"Marahaba. Hujambo?"

Ungekuwa ukumbi wa watu wengine, hakuna ambacho kingekuwa kimetokea: watu wawili wamesalimiana. Lakini hawa walikuwa Watanzania ishirini, na kila mmoja wao alipigwa kofi utotoni kwa ajili ya neno hilo. Mtu wa miaka thelathini na mitano amemwamkia kijana wa ishirini na saba, kwa kuinama, na kijana ameipokea bila haya, kama mtu anayepokea kilicho chake. Elia alifungua mdomo akaufunga. Yasinta alimtazama aliye kwenye televisheni, akamtazama aliyesimama mbele yake, halafu akaangalia paji la uso la mmoja na la mwenzake, na Gaudence aliona wazi kabisa dakika aliyoelewa.

Alitaka kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma ya watu ishirini. Akawaza kitu cha kijinga, kwamba wazee wake Mansfield watageuzwa na nani kesho.

Patroba ndiye aliyeongea. Uso wake ulikuwa umebadilika, utoto wote umeshuka, akawa mwanamume wa makamo aliyechoka.

"Mwenyekiti, nisameheni," alisema. "Nimewapotezea muda. Goti langu haliwezi. Madaktari wa klabu hawajui, lakini mimi najua. Msinipigie debe, mtafutieni kijana nafasi hiyo." Kisha, akimtazama Gaudence, "Wajina alisema kweli. Nimekwisha." Akakata simu.

Televisheni ikabaki ya buluu. Hakuna aliyejua pa kutazama.

"Katibu," Elia akasema mwishoni, "andika."

"Niandike nini, mwenyekiti?"

Elia alijikuna shingo. "Andika goti."

Yasinta akaandika. Kisha watu wakaenda kwenye pilau, wakapakua, wakala wakizungumzia mechi ya wiki ijayo kwa sauti za juu kuliko kawaida. Hakuna aliyemtania Wajina. Hakuna aliyemwita Wajina kabisa. Hilo lilimtisha kuliko kama wangemzonga, maana midomo ishirini ile ingetoka pale jioni kwenda majumbani, na kila mdomo una simu yake. Aliacha sahani bila kugusa, akatoka.

Yasinta alimfuata hadi kwenye gari.

"Una miaka mingapi?" akamuuliza.

Hakukuwa na pa kujificha. "Ishirini na saba, dada."

"Miaka minne nakuamkia."

"Nisamehe, dada Yasinta."

Yasinta alimkazia macho. Gaudence hakuweza kujua kama ni hasira au ni kitu kingine, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wa gari kama mtu anayeomba ruhusa.

"Shikamoo yangu kwanza," akasema Yasinta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Drive salama." Akageuka, akarudi ndani, na hakuahidi chochote.

Simu ilitetemeka akiwa njiani kurudi Mansfield, karibu na Madisonville. Aliingia kwenye kituo cha mafuta, akaegesha mbali na magari mengine, akapandisha vioo vyote, akafungua ujumbe. Ilikuwa sauti ya Patroba, na nyuma yake mbwa wa Songea walikuwa wakibweka.

"Mdogo wangu, tulia. Nimeshamwambia katibu wa klabu, nimemwambia goti. Hawatanipeleka popote. Nitamaliza mkataba wangu Mbeya, halafu nitakwenda kwa mama kulima kahawa. Usijilaumu kwa kuniamkia." Hapo akashusha sauti. "Unajua kocha wetu wa makipa ni mdogo wangu? Kanifuata kwa miaka mitatu. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemwamkia. Na nahodha. Na daktari. Vitoto vyote mle ni kaka zangu. Miaka kumi na moja, Gau, sijaitikia marahaba kwa mtu yeyote. Uliposema vile nilisahau kama kuna watu. Nilifikiri niko nyumbani."

Gaudence alilia. Alilia akiwa ameuma mkono wa shati ili sauti isitoke, maana mahojiano yalikuwa bado mwezi ujao, na ukumbi wa Sharpstown ulikuwa bado una midomo ishirini. Muda wote huo aliogopa kunyang'anywa jina. Hakuwahi kukaa akamfikiria yule aliyeacha la kwake Mbinga na kwenda uwanjani na la mwingine, ambaye hakubakiwa na mtu wa kumwita.

Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Kwanza hakujua amwiteje. Kwa miaka mingi kwenye simu walikuwa hawaitani kitu.

"Shikamoo, kaka Patroba," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kisha akatazama haraka kwenye kioo cha gari kuona kama kuna aliyesikia.